Bill Wilson: Mlevi aliyewatafutia walevi wenzake mlango wa kutokea

JIONI ya Jumamosi, Mei 11, 1935, mwanamume mrefu aliyekonda alikuwa akienda na kurudi katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower mjini Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani. Shughuli ya kibiashara iliyomleta kutoka New York ilikuwa imeharibika, wenzake walikuwa wamekwisha kurejea makwao, na fedha zilizosalia mfukoni zilikuwa chache mno.

Upande mmoja wa ukumbi huo kulikuwa na baa. Vicheko vya wanywaji vilimfikia pale aliposimama, naye alikuwa na miezi mitano tu tangu aonje pombe kwa mara ya mwisho. Upande wa pili kulikuwa na simu, na kando yake orodha ya makanisa ya mji ule.

Aliiendea simu. Hakuwa akitafuta kasisi wa kumwombea wala daktari wa kumtibu. Alichokuwa akitafuta, na bila shaka ombi hilo liliwastaajabisha waliolipokea, ni mlevi mwenzake wa kuzungumza naye.

Mtu huyo ni William Griffith Wilson, anayejulikana na wengi kama Bill W., mwasisi mwenza wa Alcoholics Anonymous au AA kwa ufupi, jina lenye maana ya walevi wasiotajwa majina. Leo hii, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake, ni vigumu kutaja kituo cha kurekebisha waraibu ambacho hakijaazima jambo fulani kutoka kwake, liwe ni neno, utaratibu au hata namna ya kupanga viti.

Wilson alizaliwa Novemba 26, 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont. Alizaliwa ndani ya hoteli ndogo iliyosimamiwa na nyanya yake, katika chumba kilichokuwa nyuma ya baa. Wanaopenda kusoma ishara hawakosi kulitaja jambo hilo.

Babu yake mzaa baba alikuwa mlevi mashuhuri kijijini humo. Inasimuliwa kwamba asubuhi moja mzee huyo alipanda mlima ulio nyuma ya kijiji, akamlilia Mungu, kisha akateremka na hakunywa tena hadi alipofariki. Mjukuu alikua akiisikia hadithi hiyo, na huenda ndiyo iliyomwandaa kwa yale yaliyomfika alipokuwa mtu mzima.

Wilson alikuwa angali mvulana wazazi wake walipoachana. Baba alihamia mbali kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe, naye mama akaenda Boston kusomea utabibu. Bill na dadake Dorothy waliachwa kwa babu na nyanya wazaa mama.

Hapo ndipo ilipoonekana ile tabia yake ya kutokubali kushindwa. Babu yake alipomwambia kuwa ni watu wa Australia tu wawezao kutengeneza kile kigongo kinachorushwa na kumrudia mwenyewe, kijana alichonga na kutupa kwa miezi kadhaa, hata akakata ubao wa kitanda chake, mpaka kimoja kikarudi.

Lakini palikuwa na upande mwingine. Mwaka 1912 msichana aliyempenda shuleni, Bertha Bamford, alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji. Wilson alizama katika huzuni nzito iliyomzuia kusoma, na huzuni ya namna hiyo iliendelea kumwandama kwa vipindi maisha yake yote. Ni muhimu kuikumbuka, kwani pombe ilipokuja ilikuta pengo lililokwisha kuchimbwa.

Ilikuja mwaka 1917. Marekani ilikuwa imeingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, na Wilson, ofisa kijana wa kikosi cha mizinga, alikuwa kambini karibu na mji wa New Bedford, Massachusetts. Matajiri wa mji huo waliwaalika maofisa majumbani mwao. Kijana huyu aliyekuwa akiona haya mbele ya watu alipewa glasi, akanywa, na kwa mara ya kwanza akajihisi yu sawa na kila aliyekuwemo. Kizuizi alichodhani kilikuwa baina yake na wanadamu wengine kilianguka. Usiku huo alikunywa mpaka akalewa chakari.

Mnamo Januari 24, 1918 alimuoa Lois Burnham, binti wa daktari mmoja wa Brooklyn, aliyemzidi umri kwa miaka minne hivi. Kisha akapelekwa Ufaransa. Aliporudi mwaka 1919 alisomea sheria usiku huku akifanya kazi mchana, ila siku za mwisho za masomo hayo zilimkuta amelewa na hakuichukua shahada yake.

Soko la hisa la New York ndilo lililompa jina. Wakati huo wawekezaji wengi walinunua hisa kwa kusikia uvumi tu, nao wachache walijali kwenda kukagua kiwanda kilivyo. Mwaka 1925 Wilson na mkewe walipanda pikipiki yenye kigari cha ubavuni, wakafunga hema na vitabu, wakazunguka wakichunguza kampuni moja baada ya nyingine. Taarifa alizowapelekea mabwanyenye wa Wall Street ziliwaletea faida, nao wakamfungulia milango.

Msomaji na akumbuke kwamba miaka hiyo pombe ilikuwa imepigwa marufuku Marekani nzima. Marufuku hiyo ilianza 1920 na kuondolewa 1933, na ni katika miaka hiyohiyo Wilson alipogeuka kutoka mnywaji na kuwa mlevi wa kupindukia. Alikunywa ya magendo na iliyopikwa vichochoroni. Sisi tuliozoea kuona misako ya chang'aa na kusikia mijadala ya Sheria ya Mututho ya 2010 tunaweza kuelewa kwamba sheria hupunguza mengi, lakini haimfikii kirahisi mtu ambaye mwili wake umekwisha kudai.

Soko la hisa lilipoporomoka Oktoba 1929, Wilson aliporomoka nalo. Yeye na Lois walirudi kuishi katika nyumba ya babake Lois, nambari 182, mtaa wa Clinton, Brooklyn. Lois aliajiriwa katika duka kubwa la Macy's na mshahara wake ndio uliowalisha. Mume alibaki nyumbani, akimwibia mkewe pesa kutoka mkobani ili anunue mvinyo wa bei nafuu.

Aliahidi kuacha mara nyingi, na kila alipoahidi alimaanisha. Hilo ndilo jambo ambalo jamaa za walevi hushindwa kuliamini. Aliandika viapo vyake ndani ya Biblia ya familia na kuvivunja. Wakati mmoja wafadhili walimpa mkataba mnono kwa sharti moja tu, kwamba asiguse pombe, na aliupoteza kwa usiku mmoja wa kunywa na wenzake hotelini.

Mwaka 1933 shemejiye, Dkt Leonard Strong, mume wa Dorothy, alimlipia matibabu katika hospitali ya Towns jijini New York. Hii ilikuwa hospitali ya kibinafsi ya watu wenye uwezo, na Wilson asingeingia humo bila ya jamaa wa kumtolea fedha. Walevi wasio na shemeji kama huyo walipelekwa jela au katika hospitali za wendawazimu, na wengi walifia humo.

Katika hospitali ya Towns alikutana na Dkt William Silkworth, daktari mfupi, mpole, mwenye nywele nyeupe, aliyekuwa amehudumia maelfu ya walevi. Silkworth hakumkaripia. Alimweleza kwamba ulevi wa aina yake ni maradhi, kwamba mwili wake unaipokea pombe kwa namna isiyo ya kawaida na kumfanya atake zaidi kila anapoonja, huku akili nayo ikimrudisha kwenye glasi hata anapokuwa hana hamu.

Sayansi ya leo haikubaliani na kila sehemu ya maelezo hayo. Hata hivyo, kwa mtu aliyekuwa ameambiwa miaka yote kwamba yeye ni mkosefu asiye na msimamo, neno maradhi lilikuwa kama dirisha lililofunguliwa. Wilson alitoka hospitalini akiwa na furaha, akiamini kwamba sasa anajua adui yake ni nani.

Muda si muda akalewa tena. Alirejeshwa hospitalini, akatoka, akalewa. Katikati ya 1934 Silkworth alimweleza Lois kwamba mumewe angelazimika kufungiwa mahali, la sivyo angerukwa na akili au kufa. Maarifa peke yake hayakutosha.

Mwishoni mwa Novemba mwaka huo, mgeni alibisha hodi katika nyumba ya mtaa wa Clinton. Alikuwa Ebby Thacher, rafiki wa ujanani ambaye Wilson alimjua kuwa mlevi kama yeye au zaidi. Bill alimwandalia kinywaji. Ebby alikikataa.

Ebby alisimulia kwamba alikuwa karibu kufungwa kwa ajili ya ulevi huko Vermont, pale wanaume wengine waliokuwa wamewahi kusumbuliwa na pombe walipojitokeza na kumdhamini. Walikuwa wafuasi wa Oxford Group, kundi la Kikristo lililohimiza watu kukiri makosa yao, kuwalipa waliowadhulumu na kuwasaidia wengine bila malipo. Mmoja wao, mfanyabiashara Rowland Hazard, alikuwa ameshauriwa na daktari maarufu wa akili wa Uswisi, Carl Jung, kwamba utabibu haukuwa na la kumfanyia na kwamba labda badiliko la kiroho lingemwokoa.

Ebby hakuhubiri sana. Aliketi jikoni, amenyoa, macho yake maangavu, na hiyo ikawa hoja tosha. Wilson aliendelea kunywa kwa siku kadhaa, lakini picha ya rafikiye akiwa timamu haikumtoka kichwani.

Desemba 11, 1934 aliingia hospitali ya Towns kwa mara ya nne na ya mwisho. Siku chache baadaye, akiwa katika kina cha huzuni, alimlilia Mungu, kama yupo, ajidhihirishe. Kwa masimulizi yake mwenyewe, chumba kilijaa mwanga na akahisi kwamba yuko huru. Alimwita Silkworth amuulize iwapo amekuwa mwendawazimu, naye daktari akamshauri aking'ang'anie alichokipata, chochote kile.

Wapo wanaosema ule ulikuwa muujiza, na wapo wanaosema ni matokeo ya dawa kali alizopewa wodini, ikiwemo beladona. Mwandishi wa makala haya hana haja ya kuamua kesi hiyo. Lililo wazi ni kwamba tangu siku ile hadi kufa kwake, miaka 36 baadaye, Wilson hakunywa tena.

Miezi mitano iliyofuata alikimbia kila pembe ya New York akiwatafuta walevi. Aliwachukua kutoka hospitalini na makanisani, akawaleta nyumbani kwa Lois, akawasimulia kuhusu mwanga wake. Hakuna hata mmoja aliyeacha kunywa. Wilson alipolalamika kwamba amefeli, mkewe alimkumbusha kwamba yupo mtu mmoja aliyekuwa bado hajalewa, naye ni yeye mwenyewe.

Silkworth naye alimpa ushauri ambao thamani yake haikadiriki. Alimtaka aache mahubiri, aanze kwa kuwaeleza wagonjwa ukweli mchungu wa maradhi yao, tena kama mtu aliyeyapitia. Mambo ya roho yangefuata baadaye.

Hayo mawili ndiyo aliyokuwa nayo Wilson akilini aliposimama mbele ya simu ile ya Akron. Alikuwa ametambua kwamba kuzungumza na mlevi kulikuwa dawa yake yeye, awe huyo mlevi amepona au hakupona. Kasisi Walter Tunks alimpa majina ya watu wa kuwapigia, na baada ya simu kadhaa akampata Henrietta Seiberling, mwanamke aliyekuwa amemwombea kwa muda mrefu rafiki yake, daktari mlevi.

Daktari huyo alikuwa Robert Smith, mpasuaji mwenye umri wa miaka 55, naye pia mzaliwa wa Vermont. Siku hiyo hakuweza kuja kwa sababu alikuwa amelewa hajijui. Alikuja Jumapili jioni, mikono ikimtetemeka, akiwa ameapa kukaa kwa dakika 15 pekee. Aliondoka baada ya saa sita.

Smith alikuwa daktari, na kuhusu pombe alikuwa amesoma yote yaliyokuwa yameandikwa. Kilichomkamata ni kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa akizungumza na mtu aliyeyajua mateso yake kwa kuyaonja, na ambaye hakuja kumsaidia bali alikuja kuomba msaada.

Wilson alihamia nyumbani kwa Smith msimu huo wa joto. Mwezi Juni daktari alisafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari mjini Atlantic City na akarudi akiwa amelewa. Alikuwa na operesheni ya kufanya siku chache baadaye. Wilson na Anne, mke wa Smith, walimuuguza, na asubuhi ya upasuaji, Juni 10, 1935, Wilson alimpa chupa ya bia ili mikono itulie. Hiyo ilikuwa pombe ya mwisho ya Dkt Bob, na tarehe hiyo ndiyo AA huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake.

Wiki chache baadaye wawili hao walimwendea wakili mmoja aliyekuwa amefungwa kamba kitandani katika Hospitali ya Jiji la Akron baada ya kuwapiga wauguzi. Alikuwa amelazwa mara kadhaa katika muda wa miezi michache. Walimsimulia yao. Wakili alitoka wodini akiwa timamu na hakurudia pombe. Sasa walikuwa watatu.

Kufikia mwishoni mwa 1937 Wilson na Smith walihesabu walevi wapatao 40 waliokuwa wameacha kabisa. Idadi hiyo ni ndogo, lakini ni lazima ilinganishwe na ile ya kabla yake, ambayo ilikaribia sufuri.

Wilson, mtoto wa soko la hisa, mara moja aliona hospitali, wahudumu wa kulipwa na mamilioni ya dola. Mwenye hospitali ya Towns alikuwa amempa nafasi ya kazi ya mshahara, na kundi lake dogo la New York lilimkataza. Walihoji kwamba mlevi akijua kuwa anayemzungumzia analipwa, maneno yale hayatakuwa na nguvu tena. Wilson hakuwa na pesa hata ya chakula, ila alitii. Kwangu mimi, hilo la kutii ni kubwa kuliko mwanga wa hospitalini.

Bilionea John D. Rockefeller Mdogo naye aliombwa fedha. Alitoa dola 5,000 tu mwaka 1938, kwa hoja kwamba pesa nyingi zingeiharibu kazi ile. Wakati huo Wilson alilichukulia jambo hilo kama pigo. Baadaye aliligeuza kuwa kanuni, kwamba AA isipokee ruzuku kutoka nje, isimiliki mali kubwa na isitoze ada.

Desemba 1938, akiwa Brooklyn, aliandika zile Hatua 12. Kwa ufupi zinamtaka mraibu akiri kwamba ameshindwa, atafute nguvu iliyo kuu kuliko yeye, ajichunguze, amweleze mtu mwingine makosa yake, awalipe aliowaumiza pale inapowezekana, kisha ampelekee mwingine ujumbe huo. Wasioamini dini waliokuwemo kundini walipinga, na baada ya mabishano makali ikakubaliwa kwamba kila mtu amwelewe Mungu kwa jinsi yake. Bila ya walalamishi hao, yamkini mpango huu usingevuka mipaka ya kanisa.

Kitabu kilichobeba hatua hizo, na ambacho ndicho kilichokipa chama jina lake, kilitoka Aprili 1939 na hakikununuliwa. Mwezi huohuo Bill na Lois walipoteza nyumba ya mtaa wa Clinton. Kwa miaka miwili waliishi kwa watu, wakihamahama na masanduku yao, hadi 1941 walipopata nyumba Bedford Hills, nje ya New York.

Huko Akron, tatizo lilikuwa vitanda. Kuacha pombe ghafla kwa mwili ulioizoea kunaweza kuleta kifafa na hata kifo, kwa hiyo mlevi sugu alihitaji uangalizi wa daktari siku za kwanza. Hospitali hazikumtaka. Zilisema walevi huleta fujo na hawalipi.

Mtawa mmoja mwembamba, Sista Ignatia, ndiye aliyekuwa akisimamia upokeaji wa wagonjwa katika hospitali ya St Thomas. Agosti 1939, kwa makubaliano na Dkt Bob, alimwandikisha mlevi mmoja kuwa ni mgonjwa wa tumbo na kumficha katika chumba cha kupangia maua. Baadaye wakubwa wake walikubali wodi ifunguliwe. Kumbukumbu za AA zinasema wawili hao waliwahudumia takriban walevi 5,000 kabla ya daktari kufariki Novemba 1950. Dkt Bob hakuwatoza malipo.

Machi 1, 1941, gazeti la Saturday Evening Post lilichapisha makala ya Jack Alexander, mwanahabari aliyekuwa ametumwa akiwa na shaka kwamba hawa ni matapeli. Barua zilimiminika. Wanachama, waliokuwa takriban 2,000 mwanzoni mwa mwaka, walifika 8,000 kufikia mwisho wake.

Lois naye hakuketi tu. Miaka yote ile alikuwa amewaona wake za walevi wakisubiri nje ya mikutano, na mwaka 1951 alishiriki kuanzisha Al-Anon, chama cha jamaa za walevi. Aligundua kwamba mke naye huugua, kwa hasira, kwa aibu na kwa kudhani kwamba ni yeye anayepaswa kumponya mumewe.

Wilson hakuwa mtakatifu, na wanaomchora hivyo wanamdhulumu. Kuanzia 1944 aliandamwa tena na ile huzuni ya ujanani kwa zaidi ya miaka 10, mara nyingine akashindwa kutoka kitandani, huku barua za kumsifu zikiendelea kufika. Alikwenda kwa daktari wa akili, na baadhi ya wafuasi wakanung'unika kwamba mtu wa Hatua 12 hapaswi kumhitaji daktari. Hakuwasikiliza. Katika ndoa hakuwa mwaminifu. Mwaka 1956 alijaribu dawa ya LSD, wakati huo ikiwa halali na ikifanyiwa utafiti, akitumaini ingewasaidia walevi walioshindwa kuamini, na jambo hilo liliwakera wengi.

Sigara ndiyo iliyomshinda. Aliyewafundisha maelfu namna ya kuachana na pombe alivuta hadi mapafu yake yakaharibika, na alipoacha alikuwa amechelewa.

Lakini alikuwa na hekima ya kuachia. Mwaka 1955, katika kongamano la St Louis, alikabidhi uongozi wa AA kwa wanachama wenyewe. Mwaka uliotangulia alikuwa ameikataa shahada ya heshima ya Chuo Kikuu cha Yale, kwa sababu kanuni ya kutotajwa majina haikumruhusu mtu kujijengea jina kwa kupona kwake.

Wala hakudai kwamba njia yake ndiyo pekee. Katika miaka ya 1960 alikuwa rafiki wa Dkt Vincent Dole, mmoja wa watafiti waliotumia methadoni kuwatibu waraibu wa heroini, ambaye pia aliketi katika bodi ya AA ingawa hakuwa mlevi. Dole alisimulia kwamba Wilson alimwomba atafute dawa ya namna hiyo kwa walevi, kwa ajili ya wale ambao mikutano haikuwafaa.

Hilo lastahili kusikika hapa kwetu, ambako hadi leo wapo wanaomcheka mraibu wa Malindi au Kisauni anayepanga foleni kunywa methadoni, wakidai kwamba amebadilisha dawa kwa dawa. Huduma hiyo ilianza nchini katika hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na Malindi ikafuata mwaka uliofuata. Mikutano ya AA nayo hufanyika nchini Kenya, vituo vingi vya kurekebisha tabia hutumia zile Hatua 12, na NACADA ina simu isiyotozwa ada, nambari 1192, kwa anayetaka ushauri.

Je, njia ya Wilson hufanya kazi? Kwa miaka mingi wataalamu walibishana. Mwaka 2020 uchambuzi wa shirika la Cochrane, uliokusanya tafiti 27 zenye watu 10,565, ulionyesha kwamba mipango ya kumwelekeza mgonjwa katika AA kwa utaratibu maalumu huwasaidia watu kujiepusha kabisa na pombe kwa kiwango sawa au zaidi ya matibabu mengine yanayotambulika. Si kila mtu hupona. Ebby mwenyewe, aliyemletea Wilson habari njema, alirudia pombe mara nyingi kwa miaka mingi. Wilson hakumtupa, alimtafutia pa kukaa na pesa za kumtunza hadi alipofariki mwaka 1966.

Katika siku zake za mwisho, akipumua kwa mashine, Wilson aliomba wiski. Kumbukumbu za wauguzi zinaonyesha hivyo, na waliokuwa naye hawakumpa. Alifariki Miami, Florida, Januari 24, 1971, siku ya kutimiza miaka 53 ya ndoa yake. Ni wakati huo tu ambapo magazeti yalichapisha jina lake kamili, na watu wengi waliokuwa wakimwita Bill wakajua kwamba ni wa ukoo wa Wilson.

Lois aliishi hadi Oktoba 1988 na kuzikwa kando yake katika makaburi ya East Dorset, karibu na ile hoteli. Jiwe la kaburi la Wilson lina jina lake na kumbukumbu ya utumishi wake jeshini, na halitaji AA hata kidogo. Wageni hufika hapo mwaka mzima, na baadhi yao huacha juu ya jiwe zile sarafu ndogo ambazo wanachama hupewa kwa kila kipindi wanachomaliza bila kunywa.